Lori Limepinduka, Nikimbilie Upande Gani? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Dharura za Hatari

Barua za mwezi huu zimetoka kando ya barabara kuu, kwenye vyumba vya kupanga, mitaa ya jirani na viwanda, na Goma. Nyingi zinauliza jambo moja: hatari ikitokea, nifanye nini katika dakika chache za mwanzo, kabla zimamoto hawajafika? Barua ndefu tumezifupisha.

Swali: Ndugu Mhariri, kijiwe chetu cha bodaboda kiko kando ya barabara ya Morogoro. Lori la mafuta likipinduka, sisi ndio tunaofika kwanza, na wenzangu huwahi na madumu. Nikiwaambia waondoke hunijibu kwamba moto bado haujawaka. Niwaambie nini, na nisimame umbali gani? – Kijana wa kijiwe, Kibaha

Jibu: Waambie kwamba kinachowaka ni mvuke. Yale mafuta wanayoyaona kwenye mtaro yanautoa mfululizo. Petroli hutoa mvuke wa kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse mchana wa Kibaha. Mvuke huo ni mzito mara tatu hadi nne kuliko hewa, kwa hiyo haupandi juu ukapotea. Unatambaa chini, unafuata mtaro, unaingia kwenye makalavati na kutuama bondeni kama maji. Hewa ikishakuwa na mvuke wa petroli kuanzia asilimia 1.4 hadi 7.6, cheche moja inatosha, na cheche hiyo inaweza kuwa mbali na lori. Muuza mahindi aliye ng'ambo ya barabara na jiko lake anaweza kuwasha moto utakaorudi kwa kufuata mvuke hadi kwenye tangi.

Cheche hutoka wapi? Pikipiki inayopigwa stati. Betri ya lori inayong'olewa waya. Chuma kinachogongwa ili mfuniko ufunguke. Kwa hiyo ikiwa pikipiki yako tayari imo ndani ya harufu ya mafuta, iache hapo hapo na uondoke kwa miguu. Usiiwashe.

Hayo maneno "moto bado haujawaka" yametugharimu sana. Sachangwan, karibu na Molo, 31 Januari 2009, walikufa zaidi ya watu 100. Sange, Kivu Kusini, 2 Julai 2010, zaidi ya 230. Msamvu, Morogoro, 10 Agosti 2019, tena zaidi ya 100. Kote huko palikuwa na muda kati ya lori kuanguka na moto kulipuka, na muda huo ndio uliowavuta watu wakasogea. Utulivu wa lori lililolala ubavuni hauonyeshi kuwa hatari imekwisha. Mvuke unaendelea kukusanyika.

Umbali ni huu. Lori la petroli au dizeli likilala, hata kama huoni yakimwagika, ondoa watu mita 50 kila upande. Yakimwagika mengi, walio upande upepo unakoelekea wasogee hadi mita 300. Tangi likishika moto, mita 800 pande zote, yaani mwendo wa dakika kama kumi kwa miguu. Lori la gesi ya kupikia lina vipimo vikubwa zaidi: mita 100 kwa kuanzia, mita 800 upande upepo unakoelekea kama inavuja sana, na mita 1,600 pande zote kama moto unaligusa tangi. Tangi la gesi likipikwa na moto hupasuka lote kwa pamoja na kurusha vipande vya chuma mbali sana. Ukisikia mluzi wa vali unazidi kupanda, au ukaona rangi ya tangi inababuka, hapo hakuna la kuokoa tena. Kimbia, na uhakikishe kuna jengo au kilima kati yako na lori.

Simama upande unakotoka upepo. Mabaharia wa pwani huuita joshini, na tutalitumia neno hilo katika majibu yote. Ukiweza, uwe pia mwinuko wa juu kuliko lori.

Kazi ya kijiwe basi ni kufunga barabara. Wawili waende upande wa Dar es Salaam na wawili upande wa Morogoro, wasimamishe magari mbali kabla hayajaingia kwenye mvuke. Basi lenye abiria 60 likisimama jirani na lori ili watu wachungulie, hilo ni balaa jingine. Mmoja apige 114, namba ya zimamoto. Kama anaweza kuliona kwa mbali lile bao la rangi ya chungwa nyuma au ubavuni mwa lori, asome namba zake. Namba ya chini, yenye tarakimu nne, hutaja bidhaa: 1203 ni petroli, 1202 dizeli, 1223 mafuta ya taa, 1965 au 1075 gesi ya kupikia, 1005 amonia, 1017 klorini. Namba ya juu hutaja aina ya hatari, na tarakimu ikirudiwa hatari imezidi: 30 ni kimiminika kinachowaka, 33 ni kile kinachowaka upesi mno. Namba hizo zinawaambia zimamoto waje na povu, maji au vifaa vya kupumulia. Lakini asisogee kwa ajili ya kuzisoma. Kama hazionekani, aseme hazionekani.

Aliyelowa petroli avue nguo mara moja na aoshwe kwa maji mengi na sabuni, mbali na moto wowote. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, avuliwe pete na saa kabla hajavimba, kisha afunikwe kitambaa safi. Dawa ya meno, mafuta, mayai na asali visiguse jeraha.

Swali: Naishi nyumba ya kupanga, vyumba vitatu, na mtungi wa kilo 6 uko ndani. Usiku niliamka nikasikia harufu ya gesi, nikawasha taa nitazame. Jirani akanifokea. Kosa langu lilikuwa nini? – Mama wa watoto wawili, Mbezi

Jibu: Kosa ni swichi, dada, na jirani alikufokea kwa kukupenda. Ndani ya swichi ya taa kuna cheche ndogo kila inapobonyezwa, iwe kwa kuwasha au kwa kuzima. Kwa hiyo usiiguse kabisa: kama taa inawaka iache iwake, kama imezimwa ibaki hivyo. Feni na friji vivyo hivyo.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu hadi mbili. Hulala sakafuni, na ndiyo maana anayelala kwenye mkeka huisikia kabla ya aliye kitandani. Mtungi wa kilo 6 ukivuja wote hutoa karibu mita za ujazo tatu za gesi. Hewa yenye asilimia 2 tu ya gesi hiyo inaweza kulipuka, kwa hiyo mtungi huo mdogo unatosha kuichafua nyumba yako nzima. Funga vali kama unaifikia bila kupita kwenye ukungu au harufu kali. Amsha watoto, wabebe, fungua mlango na madirisha mnapopita, waamshe wapangaji wengine kwa kugonga mlango, maana kengele ya umeme nayo ina cheche. Simu piga mkiwa nje, mbali na nyumba. Msirudi mpaka harufu iishe kabisa na hewa ipite kwa muda, hasa sehemu za chini: uvunguni, chini ya kabati, kwenye shimo la maji machafu.

Kesho yake pakaa povu la sabuni ya unga kwenye maungio yote, kuanzia vali, regulata, mpira hadi jiko. Panapofura mapovu ndipo panapovuja. Mara nyingi ni ile gasketi ndogo ya mpira ndani ya vali, au mpira uliopasuka pale unapokunjwa. Kiberiti hakipimi gesi, kinailipua. Nyumba zenye gesi asilia ya bomba ni habari tofauti kidogo: ile ni nyepesi kuliko hewa na hujikusanya darini, kwa hiyo fungua madirisha ya juu.

Swali: Mtaa wetu umepakana na kiwanda cha barafu na samaki. Tunaambiwa kuna amonia humo. Siku ikivuja, tukimbie au tujifungie? Mmoja anasema hivi, mwingine vile. – Mzee wa nyumba kumi, Mwanza

Jibu: Shikamoo mzee. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi. Kinachoamua ni dakika ulizonazo na nyumba uliyonayo.

Amonia iliyo ndani ya mabomba ya kugandishia hukaa kama kimiminika kwa shinikizo. Ikitoka nje huchemka hata kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri, kwa hiyo inageuka mvuke papo hapo. Vitabu husema amonia ni nyepesi kuliko hewa, na ni kweli ikishapata joto. Lakini inapovuja ikiwa kimiminika hutoka baridi sana, ikavuta unyevu na kufanya ukungu mweupe unaotambaa chini kwanza, hasa alfajiri kukiwa hakuna upepo. Huo ukungu mnaouona si mpaka wa hatari. Gesi isiyoonekana huwa imeshautangulia. Jambo moja tunashukuru: pua huitambua amonia ikiwa bado kidogo mno kuleta madhara makubwa. Harufu hiyo kali ndiyo king'ora chenu cha kwanza, na macho yakianza kuchoma muda wa kujadiliana umekwisha.

Kama wingu bado liko mbali na mna njia, ondokeni kwa kulikata upande. Msikimbie mbele ya upepo, kwa sababu upepo una mwendo kuliko mtoto na bibi. Upepo ukitoka ziwani kwenda mjini, ninyi nendeni kushoto au kulia kando ya ufuko, mkitoka kwenye mkondo wake, kisha mzunguke kuelekea joshini. Upepo mtaujua kwa moshi wa majiko, bendera ya shule, au vumbi mnalolirusha. Kumbukeni kwamba kando ya ziwa, kama ilivyo pwani, mchana upepo mara nyingi hutoka majini na usiku hugeuka kutoka nchi kavu. Mpango mliouweka wa saa sita mchana unaweza kuwapeleka pabaya saa sita usiku.

Kama wingu limeshafika au litafika kabla hamjatoka kwenye njia yake, ingieni ndani. Tatizo ni kwamba maelekezo mengi ya kujifungia yaliandikwa kwa nyumba za nchi za baridi, ambazo zimezibwa tayari. Zetu zimejengwa zipitishe hewa: matofali ya matundu juu ya dirisha, nyavu, uwazi kati ya ukuta na bati. Kwa hiyo chagueni mapema, siku ya amani, chumba kimoja chenye matundu machache, ikiwezekana cha katikati na chenye dari. Katika chumba hicho wekeni nailoni iliyokatwa kwa kipimo cha kila tundu, selotepu pana, ndoo ya maji na matambara. Saa ya hatari zimeni feni na kiyoyozi, bandikeni nailoni, lowesheni khanga na kuisokomeza chini ya mlango. Amonia hupenda maji na kunaswa humo, kwa hiyo kitambaa kilicholowa puani kinasaidia kidogo. Kwa gesi ya kupikia au moshi wa jenereta hakisaidii kitu. Jiko la mkaa litolewe nje ya chumba kabla ya mlango kufungwa, kwa maana litawaua kabla ya amonia. Pigeni hesabu ya mita moja ya mraba ya sakafu kwa kila mtu. Kwa kipimo hicho hewa inatosha saa kadhaa, na mvujo mwingi wa kiwandani hauzidi hapo.

Na nyumba ya udongo iliyo wazi juu ya kuta? Haitawakinga kwa muda mrefu. Wenye nyumba hizo muwaandalie nafasi kwenye nyumba ya jirani iliyo imara, shuleni au zahanati, na muwape watu hao taarifa wa kwanza.

Tangazo la usalama likitolewa, fungueni kila kitu na mtoke nje haraka. Hili husahaulika sana. Gesi iliyojipenyeza ndani hubaki ndani baada ya wingu la nje kupita, na kwa wakati huo chumba ndicho kibaya kuliko ua. Aliyeingiwa na amonia machoni aoshwe kwa maji mengi kwa dakika 15 zisizokatika, kope zikiwa zimefunuliwa, kabla ya kupelekwa hospitali.

Na kama jirani yenu ni mtambo wa kusafisha maji wenye mitungi ya klorini, badilisheni jambo moja: klorini ni nzito mara mbili na nusu kuliko hewa, hivyo pandeni juu, ghorofani au kilimani. Msijifiche bondeni wala chumba cha chini.

Swali: Mimi ni mtendaji wa mtaa. Nikipata taarifa ya hatari nina spika ya msikiti, ya kanisa, na kipaza sauti cha mkononi. Mara ya mwisho nilitangaza "wananchi wote wachukue tahadhari" na watu wakatoka nje kutazama. Nilikosea wapi? – Mtendaji, Tanga

Jibu: Ulisema kuna hatari bila kusema la kufanya, Mheshimiwa, na mtu asiyejua la kufanya hutoka kuuliza wenzake. Ni tabia ya binadamu popote. Hata tangazo zuri likisomwa, wengi kwanza hupiga simu kwa ndugu, huchungulia dirishani, hutazama jirani kafanya nini. Huwezi kuizuia tabia hiyo, ila unaweza kuifupisha kwa kuwapa katika tangazo lenyewe yale ambayo wangekwenda kuyatafuta.

Tangazo liwe na mambo sita, kwa mpangilio huu: nani anasema, nini kimetokea, wapi hasa, nani wafanye nini sasa hivi, nani wasifanye lolote, na tangazo lijalo ni saa ngapi. Kwa mfano:

"Ni mtendaji wa mtaa wenu anayesema. Sasa ni saa 3 na robo usiku. Gesi ya amonia inavuja kwenye kiwanda cha barafu kilicho gatini. Upepo unaipeleka sokoni. Mlio kati ya gati na shule ya msingi: ingieni ndani sasa, fungeni milango na madirisha, zimeni feni, toeni majiko ya mkaa. Msitoke kutafuta jamaa. Mlio ng'ambo ya shule: bakini mlipo, msije huku. Nitatangaza tena saa 3 na nusu, hata kama hakuna jipya."

Linasomeka kwa muda usiofika dakika moja. Lisome mara tatu bila kubadili neno, maana ukibadilisha maneno watu hudhani ni habari mpya. Taja mipaka kwa vitu wanavyovijua, shule, mti, mfereji, daraja. Usitaje namba za kitalu. Pale uliposema utarudi saa 3 na nusu, rudi. Ukimya wako ndio unaozaa uvumi, na uvumi huwa na spika kubwa kuliko yako.

Saa nayo ni mtego. Ujumbe wa simu ukiandikwa "ondokeni kabla ya 10:00", mmoja atasoma saa nne na mwingine saa kumi. Andika "saa 4 usiku", neno "usiku" lisikosekane. Na usiseme "mchukue tahadhari stahiki", "mzingatie miongozo", wala "eneo la tukio". Sema "ingieni ndani", "pandeni kilimani", "msivuke mto".

Spika za msikiti na kanisa ni hazina, lakini umeme ukikatika hunyamaza, na dharura nyingi huja na umeme kukatika. Uliza leo zipi zina betri. Kipaza sauti cha mkononi kiwekewe betri za akiba nje ya kifaa, kwa sababu zikiachwa humo huvujisha kemikali na kukiua. Kubalianeni sauti moja ya dharura isiyofanana na adhana, kengele ya ibada wala tangazo la msiba. Watu wetu wanajua la mgambo likilia kuna jambo, basi wapeni mlio wa kuutambua, na mwaufanyie jaribio kila mwezi siku na saa ile ile ili jaribio lisiogopeshe.

Kisha kuna wasiosikia. Andika orodha ya viziwi, wasiotembea, wajawazito wa karibu kujifungua na wazee wanaoishi peke yao, na kila jina lipewe jirani wawili wa kumgongea mlango. Wawili, kwa sababu mmoja anaweza kuwa safarini. Kazi hii haina gharama, na kwa maoni yetu ina thamani kuliko king'ora cha mamilioni.

Swali: Mwaka 2021 tulitishwa na kimbunga Jobo, tukahama, hakikufika. Kwa nini tuamini tena? – Mvuvi, Mafia

Jibu: Jobo kilikuwepo, ila kilipoteza nguvu baharini kabla ya kufika pwani mwishoni mwa Aprili 2021. Mtabiri hutoa onyo kwa kile kinachoweza kutokea, saa ambazo bado mnaweza kuhama. Akisubiri uhakika mtakuwa mmeshachelewa. Miaka mitatu baadaye, mapema Mei 2024, kilikuja Hidaya. Usafiri wa boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar ulisitishwa, na mvua zake zikaikata barabara ya kwenda Lindi eneo la Somanga. Aliyemdharau Hidaya kwa sababu ya Jobo hakuwa na hesabu nzuri.

Katika taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania soma rangi pamoja na neno lake: njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Kisha usiishie kwenye rangi. Soma ule mstari wa athari zinazoweza kutokea, na muda wa onyo kuanza na kwisha. Kwa mvuvi, njano yenye upepo mkali na mawimbi makubwa inatosha kuvuta ngalawa juu.

Swali: Bwana Mhariri, sisi wa Goma tunaishi na volkano ya Nyiragongo upande mmoja na mazuku upande mwingine. Watu wanasema ukiwa na mshumaa unaowaka huwezi kufa kwa mazuku. Ni kweli? – Msomaji, Goma

Jibu: Si kweli, na tafadhali waambie wote wanaoamini hivyo. Mazuku ni hewa ya kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini, nzito mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida. Haina rangi wala harufu. Hutuama kwenye mashimo na mabonde, zaidi usiku na alfajiri kunapokuwa shwari, na jua na upepo vikija huwa inatawanyika. Hewa yenye asilimia 8 hadi 10 ya gesi hiyo inaweza kumwangusha mtu akapoteza fahamu kwa dakika chache. Mshumaa huweza kuendelea kuwaka hapo. Yaani wewe utaanguka mshumaa ukikutazama.

Alama bora ni mizoga ya ndege, mijusi na wadudu kwenye shimo, na majani yaliyokauka kwa mstari kama uliochorwa na rula. Mtoto yuko hatarini kuliko mtu mzima kwa sababu pua yake iko chini, na mbuzi hufa kabla ya mchungaji. Mtu akianguka shimoni usishuke kumvuta; wanaokufa wa pili na wa tatu mara nyingi ni waokoaji. Mtupieni kamba au mvuteni kwa ndoano ndefu mkiwa juu. Kanuni hiyo ni hiyo hiyo kwa visima na mashimo ya choo kote kwetu. Wakati wa kuhama volkano, msiwalaze watu mabondeni hata kama kuna nyasi laini na upepo umekatika.

Kuhusu mlima wenyewe: lava ya Nyiragongo ni nyepesi kama uji, ndiyo maana tarehe 10 Januari 1977 ziwa lake la lava lilikauka kwa muda usiofika saa moja. Kwa hiyo usisubiri kuiona. Tarehe 22 Mei 2021 mlipuko ulikuja jioni bila onyo la kutosha, na miongoni mwa vifo vya mwanzo vilivyotangazwa walikuwemo watu tisa waliokufa kwa ajali ya barabarani wakikimbia. Siku tano baadaye ndipo wakazi wa sehemu kubwa ya mji walipoamriwa kuhama, wengine wakaenda Sake, wengine Gisenyi. Jifunze njia yako mapema kwa miguu, si kwa gari tu. Na mwaka 2002 lava ilipopita katikati ya mji, kituo cha mafuta kililipuka siku chache baadaye na kuua watu wengi waliokwenda kuchota. Kijana wa Kibaha asome jibu hili pia.

Swali: Watoto wangu wako shule mbili tofauti. Nikisikia mlipuko, nani nimfuate kwanza? – Baba, Gongo la Mboto

Jibu: Kwenu mnajua kuliko wengine. Mabomu ya ghala yalipolipuka Mbagala tarehe 29 Aprili 2009 na Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, familia nyingi zilipotezana kwa sababu kila mtu alikimbia njia yake. Kwa mchana wa shule, tunakushauri usiende kumfuata yeyote mpaka mwalimu au tangazo lielekeze. Wazazi mia tatu wanaokimbilia lango moja huwafungia njia watoto na magari ya wagonjwa. Kubalianeni sehemu mbili za kukutana, moja karibu na moja nje ya mtaa, na ndugu mmoja wa mkoani ambaye kila mtu atampigia, kwani simu za mbali mara nyingi hupita wakati za jirani zimeelemewa. Ujumbe mfupi hupita hata simu ikigoma. Mtoto mdogo mwandikie namba yako kwenye mkono kwa kalamu isiyofutika. Na chuma chochote mtakachokiokota baada ya mlipuko, kisiguswe, kisirushiwe jiwe, kisiuzwe skrepa. Wekeni alama mbali nacho mwaite polisi.

Swali: Nikipiga namba ya dharura niseme nini? Mara nyingi wananikatia. – Msichana, Voi

Jibu: Kenya piga 999 au 112, na Msalaba Mwekundu 1199. Tanzania zimamoto ni 114 na polisi 112. Anza na mahali, kwa sababu laini ikikatika watajua pa kuja: "Niko barabara ya Mombasa, nimepita Voi mjini kuelekea Nairobi, karibu na kituo cha mafuta." Halafu kitu: "Lori la gesi limelala, linavuja, halijawaka." Halafu namba ya bao kama unaiona, upepo unaelekea wapi, watu wangapi wameumia, na njia ipi bado inapitika. Maneno hayo hayafiki nusu dakika. Usimalize wewe, ngoja mpokeaji akuulize na aseme amemaliza. Kisha iache simu yako wazi, usiipige kwa marafiki, maana dereva wa zimamoto akipotea njia atakutafuta wewe.